Kaskazini Inayosikika

Serengeti mtu huenda kuona. Nyika iko wazi, simba huonekana toka mbali, na mwenye kamera hurudi ameridhika. Misitu ya milima ya kaskazini haimpi mgeni nafasi hiyo. Kuanzia Amani hadi miteremko ya Meru, majani yamefunga njia ya jicho, ndege wako vileleni, na mnyama akikuona kwanza ameshapotea. Sauti zao, hata hivyo, zinakufikia zote. Kwa hiyo mimi huko husafiri na kinasa sauti, na mkoba ukijaa, kinachobaki nyumbani ni kamera.

Kwa Amani, gari hupandwa Muheza. Barabara ya vumbi inapita Zigi, kulikoishia reli ndogo ya enzi za Wajerumani, kisha inaanza kujipinda mlimani. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, lakini utafiti ulianza mapema zaidi, pale Wajerumani walipojenga kituo na bustani ya mimea mwaka 1902. Mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na maji ya mto Zigi ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga mjini. Mvua yenyewe ni sauti ya kurekodiwa. Ikishakatika angani huendelea kunyesha chini ya miti: majani ya juu yanadondoshea ya kati, ya kati yanadondoshea ya chini, na kila tabaka lina mlio wake. Mwenye haraka atakunja vifaa vyake mvua inapokwisha. Amani ni mahali pa kungoja.

Giza likiingia, ngoja zaidi. Mzee aliyeniongoza aliitikia shikamoo yangu, akatazama vifaa vyangu, akasema, "Zima tochi kwanza, mwanangu. Ukimulika watanyamaza." Tukasimama. Nyenje walitangulia. Kisha kutoka kwenye majani mabichi pembezoni mwa kijito ukaja mlio mmoja mkali na mwembamba, kama kijiko kinachogonga glasi, ukajibiwa na mwingine upande wa pili. Huyo ni chura mdogo wa misitu hii, Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai majini kama wenzake. Anazaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura kamili. Baadaye akaanza perere. Alianza na mikwaruzo mizito, ikapanda na kupanda mpaka ikawa ukelele, na anayeusikia kwa mara ya kwanza halali usiku huo. Mnyama mwenyewe hafiki hata ukubwa wa mbwa, na mchana wote amejibanza mtini bila kutoa sauti.

Kusikiliza namna hii kumeifaa sayansi pia. Komba wadogo wa usiku hufanana mno kwa sura, na watafiti kama Simon Bearder walizitenganisha aina zao kwa kufuatilia miito yao gizani. Mwaka 2021 ilitangazwa aina mpya ya perere huko Afrika Magharibi, kati ya mito Volta na Niger, na miito yake ilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi. Amani yenyewe ina historia yake. Reginald Moreau alifika hapa mwaka 1928 akakaa karibu miongo miwili, na kazi yake juu ya ndege inatajwa hadi leo. Salimu Asmani, aliyezunguka naye misituni miaka hiyo, hatajwi sana. Mimi namtaja kwa heshima, maana katika msitu kama huu, ndege hapatikani bila mtu anayeijua sauti yake. Mfano ni yule mdogo wa rangi ya kijivu aliyepewa jina la Moreau, Artisornis moreaui, anayeishi Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Hujificha ndani ya matata ya mimea inayotambaa, na wanaomtafuta huanza na masikio.

Ipo sehemu barabarani ambapo mashamba ya chai yanapakana na msitu. Simama hapo alfajiri, uelekeze maikrofoni chai, kisha uigeuze msituni. Upande wa chai utasikia upepo na ndege wachache. Upande wa msitu sauti zimepangana: wadudu juu kabisa, ndege katikati, hondohondo na mbega chini, kila mmoja na nafasi yake. Mpaka huo unaonekana hata kwa macho. Lakini Mmarekani Bernie Krause alionyesha kwamba kuna hasara isiyoonekana. Kuanzia mwaka 1988 alirekodi Lincoln Meadow, California, kabla na baada ya kuvunwa kwa miti michache iliyochaguliwa. Picha za mahali pale zilibaki karibu vilevile. Katika rekodi, ndege wengi walikuwa hawapo tena.

Ukitoka Amani ukaenda Magamba, juu ya Lushoto, utakuta baridi na upepo mwingi. Usiende bila kifuniko cha manyoya cha maikrofoni. Kilimanjaro, ambako msitu uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ni vizuri kutangulia wapagazi, maana wakishaanza kupanda njia ya Marangu inajaa salamu na vicheko.

Meru ndiyo ninayoipenda kupita zote. Hifadhi ya Taifa ya Arusha inakuruhusu kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki, na kwa mwenye kinasa sauti hiyo ni neema, kwani ndani ya gari utarekodi injini tu. Pale Ngurdoto wageni hawashuki ndani ya kreta. Husimama ukingoni, na milio hupanda kuja kwao. Hondohondo akipita juu utazisikia mbawa zake kabla hujamwona, kwa sababu manyoya yake ya chini ya bawa hayakuziba nafasi na hewa inapita ikivuma. Lakini lala kwenye kibanda cha Miriakamba mlimani, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, uamke kabla ya mapambazuko. Dume mmoja wa mbega ataanza kunguruma, sauti nzito inayobingirika na kusafiri kilomita nzima na zaidi. Jirani atamjibu, na wa bonde la pili atamjibu huyo, hadi mteremko mzima uwe umeitikia. Tundika kifaa mtini, kiache, nenda zako mbali. Ukirudi, taja kwenye maikrofoni mahali, tarehe, saa na hali ya hewa, maana rekodi isiyo na hayo haimsaidii atakayekuja kulinganisha miaka thelathini baadaye.

Mwaka 1958 Myles North, aliyekuwa mkuu wa wilaya nchini Kenya wakati wa ukoloni, alitoa santuri ya sauti za ndege wa Afrika. Leo simu ya mkononi inaweza kuanza kazi hiyohiyo, na xeno-canto, hazina ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2005, inapokea rekodi ya yeyote bila malipo. Chuo cha wanyamapori cha Mweka na chuo cha misitu cha Olmotonyi viko mlangoni mwa misitu hii. Naviomba vimpe kila mwanafunzi kinasa sauti pamoja na darubini, na viifanye rekodi ya alfajiri kuwa sehemu ya masomo yake.