Mtungi Huo Usiuwekee Moto

Timau,
Jumapili jioni

Mjukuu wangu mpendwa,

Viazi vimevunwa, bei ni mbaya. Nyanya yako bado goti linamsumbua kila baridi ya mlima inaposhuka. Mama yako amekutumia sweta kwa mkono wa huyu aliyekuletea barua, livae.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno nililolisikia sokoni. Kijana wa yule fundi wa kuchomelea vyuma karibu na stendi alikuja kunipa mkono wa hongera. Akasema mjukuu wangu anaunda garimoshi dogo, na kwamba halitaendeshwa kwa betri kama ulivyoniambia Krismasi, bali kwa mvuke wa kweli. Akasema umempata fundi huko Nairobi akukatie mtungi wa zamani wa kuzimia moto, auchomelee upya, uwe boila, na kwamba siku ya maonyesho ya chuo utauwasha mbele ya watu. Aliyasema kwa furaha, maana alidhani nami nitafurahi. Usiku ule sikupata usingizi, na tangu siku hiyo sijatulia.

Kama ni uvumi tu, nitashukuru. Lakini nakujua. Ukitaka kitu hukiachi njiani, na hilo umelirithi kwangu.

Nianze na sifa, kwa kuwa unazistahili. Binamu yako alinionyesha picha kwenye simu, nikaikuza mpaka nikaona misumari. Umechagua injini ngumu kuliko zote, Garratt ya daraja la 59, na umeandika namba 5901 ubavuni. Hiyo ndiyo iliyoitwa Mount Kenya. Zilikuwa 34, zote zikiitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zote zilitoka Manchester kwa kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Tani 250 na ushei! Nimetia moto chini ya 5901 kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 za kupanda kutoka usawa wa bahari, na hakuna mtu wa Timau wa rika langu anayeweza kusema hivyo.

Baba yako hajawahi kuielewa kazi ile. Niliporudi nyumbani kwa likizo na ovaroli yangu, watu wa hapa waliniuliza kwa nini nililiacha shamba niende kunuka mafuta. Reli yenyewe hawakuwahi kuiona hapa, kwa kuwa iliishia Nanyuki, nayo ngano ya Timau mpaka leo hushuka kwa lori. Na lile sanduku langu la vifaa, lenye kalipa na nyundo ndogo na patasi za chuma, baba yako aliliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu nikiwa hospitalini. Lingekuwa lako leo. Sijalisahau jambo hilo.

Vipimo umeviweka sawa, na hapo nimekuvulia kofia. Umechukua njia ya milimita 45, kwa hiyo kila kitu ni sehemu moja ya 22 na nusu, na njia yetu ya mita moja inaingia humo barabara. Injini nzima itakuwa na urefu wa karibu mita moja na sentimita 40. Boila ya ile kubwa ilikuwa na unene wa futi saba na nusu, zaidi ya mara mbili ya upana wa njia. Kwa kipimo chako ni kama sentimita kumi, yaani bomba la plastiki la inchi nne la dukani linakaribia kabisa. Nilipoliona bomba hilo kwenye picha ya kwanza nilisema, huyu kijana ana akili. Sasa naambiwa umelitoa, unataka kuweka mtungi.

Nisikilize vizuri. Mtungi ule ulitengenezwa ubebe shindo, yaani presha, ukiwa baridi. Haukutengenezwa ukae juu ya moto. Ukishaukata na kuuchomelea tena, nguvu ya chuma kwenye kile kiungo wewe huijui wala fundi haijui. Na kama zile bomba ndogo utaziunga kwa lehemu ya kawaida ya mafundi redio, jua kwamba lehemu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 183 au zaidi kidogo. Ndani ya boila yenye shindo maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanakwenda 140 na kupita, na mahali ambapo ulimi wa moto unagusa chuma kisicho na maji nyuma yake, moto hupita 183 haraka sana. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Kiungo kikiachia, sehemu ya maji yaliyofungiwa ndani inageuka mvuke papo hapo, na mtungi unapasuka vipande.

Nakuandikia haya kwa sababu ya babu yako mkubwa, kaka yangu, Mungu amrehemu. Unaukumbuka mkono wake wa kulia, ule uliokuwa umekauka na vidole vimeshikana, na shingo yake iliyovutwa upande. Ninyi watoto mliambiwa ni moto wa shamba. Mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, na alipokuwa hai niliheshimu neno lake. Haukuwa moto wa shamba.

Mwaka wa Uhuru, 1963, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko juu msituni. Sitakitaja kwa jina, wenyewe wameshaondoka na mashine ilishauzwa vipande. Msumeno ulizungushwa na injini ya mvuke, na kazi ya kaka yangu ilikuwa kulisha kuni. Juu ya boila palikuwa na vali ya usalama. Shindo likizidi, inafunguka yenyewe na kutoa mvuke, shindo linashuka. Ndiyo kazi yake. Lakini kila ilipofunguka, msumeno ulilegea na gogo likakwama, na msimamizi alikuwa akihesabu mbao. Basi siku moja mtu akapanda juu akaifunga vali kwa waya wa kufungia mabua. Kaka yangu aliuona waya ule. Alikuwa kijana wa miaka 22, mwenye mshahara wa kwanza maishani, na hakuuliza. Aliniambia baadaye kwamba asubuhi ile msumeno ulikata vizuri kuliko siku zote na wote walikuwa wakishangilia.

Mimi nilikuwa nikipanda na kikapu cha chakula chake. Nilisikia mlio, nikadhani ni mti mkubwa umeanguka. Nilipofika paa la mabati halikuwapo. Mtu aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa moto alikuwa ameshakufa. Kaka yangu alikuwa ameinama kuokota kuni, na gogo moja la mwerezi lilikuwa kati yake na boila. Gogo ndilo lililomponya. Mvuke ulimkuta mkono na shingo. Mvuke wa shindo, mjukuu wangu, hauonekani unapotoka, yale mawingu meupe unayoyaona ni pale umeshapoa. Aliutia mkono ndani yake akijaribu kumvuta mwenzake.

Ndiyo maana nilipoingia reli miaka mitatu baadaye nilijifunza kuiogopa boila kabla ya kujifunza kuitumia. Kitu cha kwanza kila unapopanda kwenye injini ni kioo cha maji. Humsalimu mtu, huweki mfuko wako chini, unatazama kioo. Maji yakishuka mpaka dari la kisanduku cha moto likabaki wazi, chuma kinalainika. Ndiyo sababu palikuwa na vizibo vya risasi kwenye dari hilo, viyeyuke mapema vituonye. Na boila haikuaminiwa kwa macho. Ilijazwa maji baridi mpaka juu, hewa yote ikatolewa, ikasukumwa kwa pampu kupita shindo la kazi, kwa kuwa maji baridi yakipasua kiungo yanatema tu, hayarushi chuma. Mtungi wako nani ameupima hivyo?

Wanaounda injini ndogo za mvuke kwa uangalifu hutumia shaba nyekundu na lehemu ya fedha inayoyeyuka kupita nyuzi 600, huweka vali mbili za usalama, na hupima boila mpya kwa maji baridi kwa shindo mara mbili ya lile la kazi. Siku utakapokuwa na pesa za shaba na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo akusimamie, tutazungumza. Kwa maonyesho haya rudisha bomba la plastiki. Garratt yenyewe inakupa nafasi: tangi la maji la mbele linaweza kubeba mota moja, tangi la mafuta la nyuma libebe nyingine, na betri zikae chini ya boila. Zile sehemu mbili za magurudumu ziache zizunguke kila moja kwenye pini yake, boila ikae juu yake kama machela, ndivyo ile kubwa ilivyopita kwenye kona. Ukizikaza hazitapinda, zitatoka njiani kwenye kona ya kwanza.

Sasa watu wako. Hapa nina neno jingine, na limeniuma kwa namna yake.

Kwenye picha kuna visanamu viwili umevitengeneza mwenyewe kwa waya na unga wa mbao na gundi. Kazi ya mikono ni nzuri. Lakini umemweka Mzungu mwenye kiko kwenye kiti cha dereva, na nyuma yake mtu mweusi ameinama na koleo la makaa, hana hata uso. Nani alikuonyesha hivyo? Injini ile haikula makaa. Ilichoma mafuta mazito. Mtia moto alikuwa na mkono kwenye vali ya mafuta na jicho kwenye bomba la moshi: moshi mweusi, umezidisha mafuta, hakuna moshi kabisa, umezidisha hewa, ukungu mwembamba wa kijivu, hapo umepatia. Baada ya muda anachota mchanga, anautupa kwenye tundu la moto, unakwenda kukwangua masizi ndani ya mabomba na kutoka juu kwa wingu jeusi. Hakuna koleo la makaa. Mpe kichota mchanga kidogo na tambara la kufutia mikono.

Na chagua mwaka kabla ya kuchonga uso. Injini hizi zilipokuja, madereva wa treni kubwa walikuwa Wazungu na Wahindi, Masingasinga wengi, na walikuwa mafundi hodari. Ukichagua 1956, mweke Singasinga na kilemba chake, utakuwa umesema kweli. Lakini umeniambia ni injini ya babu yako. Basi mwaka ni wa baada ya Uhuru, na dereva wangu alikuwa mtu wa Kisumu, mrefu, kiwiko nje ya dirisha, mkono wa kushoto haubanduki kwenye regulata. Mtu wa kawaida wa mita 1.70 kwa kipimo chako ni sentimita saba na nusu. Yeye mpe nane na kidogo. Mtia moto asiiname. Mketishe, uso utazame mbele, na umpe uso. Alikuwa mimi.

Mwili chonga kwa mutarakwa, yaani mwerezi wetu, badala ya unga wa mbao, hauli unyevu, nitakutumia kipande. Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, 5918 Mount Gelai imesimama hapo, ingia chumba cha dereva upime kiti, dirisha na urefu wa mikono ya vali. Usitegemee picha za simu.

Mengine ni machache. Ukipuliza rangi funga pua na ufungue dirisha. Kalipa yako usimwazime mtu. Karo ya muhula usiiguse kwa sababu ya garimoshi. Mpigie mama yako simu, si ujumbe.

Narudi kwenye mtungi, na nitaurudia mpaka uchoke kunisikia. Najua utasema ni mdogo, lita mbili au tatu tu. Ile ya msituni ilikuwa kubwa, na waliokuwa karibu nayo walikuwa watu wazima. Yako itakuwa juu ya meza. Maonyesho ya chuo yanaletewa watoto wa shule za msingi, na mtoto akiona garimoshi linatoa moshi hasimami nyuma, anasogeza uso. Hapo hakutakuwa na gogo la mwerezi.

Usimlipe fundi chochote zaidi. Mwambie kazi imesimama, mwambie ni babu amekataa, lawama nitaibeba mimi. Mtungi wenyewe mpe huyu aliyekuletea barua, arudi nao Timau hata kama umeshakatwa. Nauli yake na ya mzigo nimeshalipa, na nimemwambia asiondoke kwako mikono mitupu.

Ni mimi babu yako.