Kumsubiri Mtoto Dagoretti Corner

Dagoretti Corner ni njia panda. Atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Ngong hupita karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kisha Prestige, kisha Adams Arcade, hata akafika mahali ambapo Barabara ya Naivasha huchepuka upande wa kulia kuelekea Kawangware. Hapo makanga wa matatu za 111 ziendazo Ngong huita "Corner! Corner!" na abiria wengi hushuka. Nasi tulishuka hapo jioni moja ya mwezi wa Julai, tukiwa na mabegi matatu na leso mbili mbili mabegani, na bado tukitetemeka kwa baridi.

Tulikuwa wawili, mama mzazi na mama mdogo, tumetoka Mombasa asubuhi kwa treni ili tuwe pamoja na binti yetu. Mimba yake ilikuwa imetimiza wiki 35. Desturi yetu Pwani ni binti kurudi kwa mamake anapokaribia kujifungua, lakini shinikizo lake la damu lilikuwa limeanza kupanda na daktari alimkataza safari. Basi alipokuwa hawezi kuja nyumbani, nyumba ilimfuata. Katika mabegi yetu mlikuwa na leso za kumfunga tumbo, pilipili manga na tangawizi kavu za uji wa mzazi, mafuta ya nazi, ubani na tende.

Anakaa ghorofa ya tatu, nyuma ya maduka. Tulimkuta mchangamfu, miguu imemvimba kidogo, akatupikia chai ya maziwa kabla hatujavua viatu. Kesho yake tulipotaka kupanga vitu vya mtoto, hatukuona cha kupanga. Hapakuwa na nepi, wala fulana, wala kofia, wala beseni la kuogea. Tulimwuliza mkwe wetu, naye akainamisha kichwa. "Amekataa, mama," alisema. "Nimemwachia."

Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka miwili nyuma alikuja kwetu Mombasa kujifungua kifunguamimba. Tulimwandalia chumba kwa mapana: kitanda cha mtoto chenye chandarua, mito midogo iliyotiwa sufi, nguo zilizofuliwa na kufukizwa udi. Mtoto alizaliwa hana uhai, mimba ikiwa na wiki 39. Na sisi, katika kuhangaika na mazishi, hatukukumbuka kuviondoa vile vitu. Aliporudi kutoka hospitali mlango ulikuwa wazi, akaviona vyote. Tangu siku ile alijiwekea ahadi kuwa hatanunua hata soksi moja mpaka amsikie mtoto akilia.

Sisi wawili tulitofautiana. Mmoja wetu alisema aachwe, kwani moyo ulioungua haulazimishwi. Mwingine alisema kuwa mtoto wa Mombasa aweza kuzaliwa akavingirishwa leso ikatosha, lakini mtoto wa Nairobi katika mwezi wa Julai hawezi. Wote wawili tulikuwa na haki, na ndiyo sababu hatukuafikiana.

Baridi ya mahali hapa si jambo la kupuuza. Dagoretti Corner iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni hadi Agosti jua huweza kujificha nyuma ya mawingu mchana kutwa. Anayetaka kujua habari za baridi hiyo hana haja ya kwenda mbali, maana makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako hapo hapo, kando ya Barabara ya Ngong. Zamani huduma hiyo ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima; Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na yake. Daktari alikuwa amemruhusu binti yetu matembezi mafupi, na kila alasiri tulitembea naye polepole mpaka karibu na lango la idara hiyo, kisha tukarudi.

Siku ya nne manyunyu yalitukuta njiani hatuna mwavuli. Binti akacheka. "Wenye mvua yao wako hapa hapa," alisema, "na bado tunarowa." Mmoja wetu akamkumbusha aya ya mwisho ya Sura Luqman, ambamo Mwenyezi Mungu ameitaja mvua na yaliyomo matumboni mahali pamoja, miongoni mwa yale ambayo elimu yake kamili iko Kwake, na kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Aliacha kucheka. Tulipofika chini ya kibanda cha duka alisema, "Basi nikinunua kitanda, si najifanya ninajua?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Kumbe hakuwa akiogopa kijicho cha watu, kama tulivyodhani. Alikuwa akiogopa kukosa adabu mbele ya Mola wake, kana kwamba mara ya kwanza aliadhibiwa kwa kujiamini.

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulilipata njiani, tukilitengeneza kwa zamu, huyu akianza na yule akimalizia. Wafanyakazi wa idara ile hawadai kujua ghaibu. Wanapima upepo na mawingu ili mkulima atayarishe shamba lake mapema, na mvuvi wa kwetu ajue siku ya kutotoka baharini. Mwenye kubeba mwavuli hakuiamuru mvua inyeshe, na mwenye kuuacha nyumbani hakuizuia. Tukamkumbusha pia Bibi Maryam, ambaye utungu ulipomfikisha penye shina la mtende aliambiwa alitikise, ndipo tende zimwangukie. Aliyemjaalia mtoto bila ya baba hakushindwa kumwangushia tende bila ya yeye kuunyosha mkono. Lakini mwanamke aliyekuwa katikati ya uchungu aliambiwa atikise shina.

Binti hakusema kitu. Usiku, baada ya swala ya Isha, alikuja na daftari. "Tuandike," alisema, "lakini tuanze na mambo yangu, si ya mtoto."

Ndugu zetu wasomaji, maneno hayo yalituonyesha kosa letu la miaka miwili iliyopita. Tulikuwa tumeandaa chumba cha mtoto kwa ukamilifu, na safari ya mama hatukuiandaa hata kidogo. Usiku ule tulitafuta gari kwa zaidi ya saa nzima, na hospitalini tulikuta karatasi zake zimebaki nyumbani. Hatusemi kuwa ndiyo sababu ya msiba. Ajali ya kila mja iko kwa Mola wake. Tunasema kwamba kitanda na nguo hupendeza macho, lakini havimfikishi mtu hospitalini.

Tuliandika mambo matano. La kwanza ni hospitali: tulichagua moja ya karibu iliyo na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, na nyingine ya akiba. La pili ni njia. Mkwe wetu aliipima mara mbili. Jioni, magari yanapojaa Barabara ya Ngong, alitumia karibu saa nzima; usiku wa manane hakumaliza robo saa. Kwa hiyo tulikubaliana kuwa dalili ikitokea mchana hatutangoja hata kidogo. La tatu ni damu: tulitafuta watu wawili wa kundi lake la damu walio tayari kuitwa saa yoyote. La nne ni fedha na karatasi. Kitambulisho, kadi ya bima na kijitabu cha kliniki vilitiwa katika mfuko mmoja, nao ukatundikwa msumarini nyuma ya mlango. La tano ni dalili za hatari, ambazo mwuguzi wa kliniki alitusomea na sisi tukazikariri kama watoto wa chuoni: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya kifua, homa, kupasuka kwa chupa, degedege, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mwuguzi huyo huyo alitutahadharisha na mazoea yetu mawili, kumpaka mtoto mchanga wanja machoni na kumtia dawa za kienyeji kitovuni. Wanja tuliochukua Mombasa ulirudi Mombasa.

Lilibaki swali la mtu. Mkwe wetu hufanya kazi za zamu, na sisi Nairobi hatuijui usiku. Binti alitaja jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kikuyu mwenye gari dogo la kuuzia mboga. Tulimwendea kwa haya kidogo. Alitukaribisha, akatusikiliza, kisha akaandika nambari ya simu yake kwa herufi kubwa ili ionekane bila miwani. Tangu siku hiyo sahani zilipanda na kushuka ngazi. Sisi tulimpelekea mahamri. Yeye alituletea njahi, yale maharagwe meusi ambayo Wakikuyu humpikia mzazi ili maziwa yashuke. Tulikumbushana kuwa huu si ujirani wa jana. Mwaka 1890, msafara wa Kapteni Lugard uliotoka Pwani ulipojenga boma Dagoretti, kilomita chache magharibi ya njia panda hii, wapagazi wa kwetu walikula mazao ya mashamba ya Wakikuyu.

Mambo ya mama yalipokwisha, binti mwenyewe aliuliza habari za nguo. Tulikwenda Soko la Toi, karibu na Adams Arcade, ambako mitumba ya watoto hurundikwa mezani ikachaguliwa kama maembe. Alinunua kofia mbili, soksi nne, sweta na blanketi. Tulivifua, tukavipiga pasi, tukavitia katika mfuko wa hospitali, zipu ikafungwa. Hakutaka vipangwe chumbani, nasi hatukushikilia.

Kitanda kilitafutiwa njia yake. Sehemu hii ya Barabara ya Ngong ina mafundi wa samani wanaofanya kazi kando ya lami: vitanda, makabati na viti vimepangwa nje, na harufu ya vanishi inakupokea kabla ya fundi. Binti alisimama mbele ya kitanda kidogo chenye fito za mviringo, akakishika, akakitikisa kuona kama kinacheza. Fundi, mzee wa makamo, alitazama tumbo lake na uso wake, akaelewa. "Lipa nusu," alisema, "kitakaa kwangu. Mtoto akija nipigie simu. Wengi hufanya hivyo." Kumbe si yeye peke yake aliyewahi kusimama pale na hofu ile. Alilipa nusu, akapewa kipande cha karatasi, akakikunja ndani ya kijitabu cha kliniki.

Mimba ilipotimiza wiki 37 na siku mbili, saa nane za usiku, binti alituamsha. Hakuwa na uchungu. Alisema kichwa kinamwuma kama kinapasuliwa, na taa ya jikoni anaiona mbili. Zamani tungempa dawa ya maumivu na kumfunga leso kichwani mpaka kukuche. Usiku huo mmoja wetu aliutungua mfuko nyuma ya mlango na mwingine akapiga ile nambari ya herufi kubwa. Jirani alikuwa chini na ufunguo mkononi kabla hatujamaliza ngazi. Barabara ya Ngong ilikuwa tupu. Hospitalini walimpima, hawakutaka maneno mengi, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Mmoja wa watu wetu wawili wa damu alifika kabla ya alfajiri, ingawa damu yake haikuhitajika.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya Alfajiri, wa kike, kilo mbili na nusu, akalia. Babake alimwadhinia, tukampaka utamu wa tende kinywani. Mamake alikaa hospitali siku sita mpaka shinikizo la damu liliposhuka. Daktari alituambia kwa maneno machache kwamba tungengoja kukuche, huenda angezungumza nasi habari nyingine. Hatukumjibu. Tulikwenda kuswali.

Siku waliporudi nyumbani, binti alitoa kile kipande cha karatasi na kumpigia fundi. Kitanda kilikuja kwa mkokoteni, fito zimesuguliwa upya, na mafundi wawili wakakipandisha ghorofa ya tatu. Kwa kweli mtoto hajakilalia sana, maana baridi humrudisha kwa mamake, na kwa sasa humo mna leso zilizokunjwa na sweta ya Toi. Lakini kipo, na mlango wa chumba kile hukaa wazi.

Dada zetu mnaosubiri, na mama zao: msimlazimishe mwenye hofu kununua, wala msimwache na hofu yake bila ya maandalizi. Mwulizeni kwanza habari za gari, damu, karatasi na jirani. Kitanda kinaweza kungoja kwa fundi. Mwenyezi Mungu awafungulie kwa wepesi kila waliobeba, na awape subira waliorudi mikono mitupu. Amin.