Usingizi haujarudi

Ndugu zangu, tangu kambi za pembeni ya Goma zilipobomolewa Februari 2025, familia nyingi zilirudi Masisi na Rutshuru. Kuna waliokuta nyumba bila bati na shamba limekuwa pori. Kazi ya redio inanipeleka kwao, na kila barza nasikia hesabu ileile: shitingi ngapi, mbegu ngapi, maharagi kilo ngapi. Hesabu hiyo ni ya lazima. Siku hizi naongeza ulizo moja: "Mama, unalalaka?"

Hapo ndipo kimya kinaingia. Kisha mmoja anasema kichwa kinamuwaka. Mwingine, mlango ukigongwa, roho inapiga mbio. Kuna mtoto wa miaka 8 aliyeanza tena kukojoa kitandani, na anapigwa kwa sababu hiyo. Kuna baba anayekaa chini ya mgomba tangu asubuhi, jembe kando yake, majirani wanamuita mvivu.

Kwetu mgonjwa wa akili ni yule anayetembea uchi barabarani. Anayenyamaza, tunasema "ana mawazo mengi," tunapita. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 kati ya 5 ana shida ya afya ya akili. Hesabu basi: barza ya watu 50, ni watu 10. Si uchawi, wala si uvivu. Mimi pia, pikipiki ikilipuka kama risasi, najikuta nimeinama. Sioni haya kuisema.

Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, lakini kwa mtu wa kijijini nauli peke yake inaweza kumaliza pesa ya mbegu. Tuanzie karibu. Kwenye kituo cha afya, mueleze muganga habari ya usingizi kama unavyomueleza homa. Ukipewa dawa, usiikatize bila kumuuliza. Mtoto anayekojoa kitandani asipigwe, anaogopa. Mtu akisema amechoka kuishi, msimuache peke yake hata usiku mmoja, na dawa ya shamba ifichwe mbali.

Na yule baba wa chini ya mgomba? Nenda na jembe lako, mlime naye mistari miwili. Akitaka kuongea, ataongea.