Hasidi na Sababu Yake katika Tendi

Waswahili husema hasidi hana sababu. Katika madarasa yetu ya fasihi kauli hii hupokelewa bila kupimwa, na mhusika mwovu wa tendi huelezwa kwa neno moja, uovu, kana kwamba neno hilo ni maelezo ya kutosha.

Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mfalme wa Pate anataka Liyongo auawe kwa kuhofia kiti chake, naye mwana wa Liyongo anamsaliti babaye kwa tamaa ya kumwoa binti mfalme. Hofu na tamaa zina hesabu: ipo faida inayotarajiwa. Ibilisi wa Utendi wa Ayubu hana hesabu ya namna hiyo. Mali ya Ayubu ikiangamia, yeye haongezewi kitu. Ayubu akikufuru, yeye harudishiwi pepo aliyoipoteza. Shetani wa Milton katika Paradise Lost (1667) analikiri jambo hili waziwazi: haendi bustanini akitumaini kupunguziwa mateso, bali kutafuta wenzi wa mateso hayo.

Hasidi wa aina hii nilimjua kabla sijausoma utendi wowote. Kwetu Kitale, jamaa mmoja wa ukoo wetu alishindwa katika kesi ya shamba. Mwezi huohuo alilitia moto ghala la baba, lenye mahindi ambayo yangelipa karo yangu katika shule ya bweni Bungoma. Hakuchukua hata gunia moja. Wazee walipomhoji, alijibu, "Sasa tumekuwa sawa." Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikilitafakari jibu lile.

Sababu yake ilikuwa upweke. Tunaposema kifo cha wengi harusi, tunamliwaza mtu aliyefikwa na msiba pamoja na wenzake. Hasidi huigeuza methali hiyo: akiukosa wingi huo, huutengeneza kwa mkono wake. Ndiyo maana humwandama hata asiyemkosea. Neema ya mwingine humkumbusha kwamba yeye ameanguka peke yake.

Tukiusoma Utendi wa Ayubu kwa jicho hili, subira haibaki kuwa unyonge wa kuvumilia tu. Ayubu anapokonywa kila kinachopokonyeka, lakini anakataa kukata tamaa. Hapo ndipo hasidi anaposhindwa: msiba ameuleta, ila mwenzi hakumpata.