Simu Ni Yangu, Mbona Ruhusa Ni ya Kampuni?

Wasee, Kenya hatujawahi kukosa mafundi. Shuka Luthuli Avenue hapa Nairobi siku yoyote ya kazi. Kwa meza isiyozidi upana wa mlango utapata mtu na taa, lenzi, brashi ya meno na chupa ya spiriti, akifufua simu iliyotumbukia kwa ndoo ya maji. Hakuna kampuni iliyompa kitabu cha maelekezo. Amejifunza kwa kufungua zile zilizokufa. Mtaani ni hivyo hivyo: kuna wa redio, wa pasi, wa jiko, wa viatu. Tumelelewa tukijua kitu kikiharibika kinapelekwa kwa fundi kwanza, kununua kingine ni baadaye.

Kwa hivyo ukisikia kuna vuguvugu duniani la kudai haki ya kutengeneza vitu, unaweza kushangaa. Haki gani tena, na fundi yuko hapo kona?

Mimi ilinifikia mwaka jana, kioo kilipopasuka nikishuka matatu. Simu hii ndiyo ofisi yangu. Narekodi nayo, nahariri nayo, nalipwa kwayo. Duka rasmi la kampuni liliniambia bei iliyokaribia nusu ya ile niliyonunulia simu yenyewe, halafu nisubiri wiki mbili. Wiki mbili bila kazi? Nikaenda kwa fundi wangu. Akaweka kioo kipya mbele ya macho yangu, kazi safi kabisa. Simu kuwaka, ujumbe ukatokea: sehemu hii haitambuliki. Na alama ya kidole ikakataa kufanya kazi.

Nikamuuliza, "Mzee, shida ni kioo?"

"Kijana, kioo ni kizima. Ni simu imekataa kukikubali."

Hapo ndipo kuna mchezo. Kwa simu nyingi za siku hizi, sehemu kama kioo, kamera au betri huwa na nambari yake, na programu ya simu inajua nambari iliyotoka nayo kiwandani. Ukiweka nyingine, hata kama ni halisi na imetolewa kwa simu ya aina ile ile, programu inaweza kukuzimia baadhi ya vitu au kukusumbua na maonyo. Kampuni ndiyo iko na kifaa cha kuidhinisha. Kuna mafundi ambao huhamisha kichipu kidogo sana kutoka kioo cha zamani hadi kipya ndio simu idanganyike. Fikiria huo ustadi, kuchomelea kitu kidogo kuliko punje ya mchele, ili tu simu ikubali kitu ambacho tayari kinafanya kazi!

Kampuni zina jibu lao, na si la kupuuza. Zinasema ni usalama, ati hivi wezi hawatauza spea za simu walizonyakua. Kwa jiji hili, ambapo unaangalia nyuma mara tatu kabla ya kutoa simu barabarani, hiyo hoja inaniingia. Lakini simu iliyoripotiwa imeibwa inaweza kufungiwa, pamoja na sehemu zake, bila kumfungia kila mtu aliyenunua kioo kwa pesa zake. Tunaadhibiwa sisi kwa jina la mwizi.

Wengine wameshaanza kusukuma. Ufaransa, mwaka 2021, simu na laptopu zilianza kuuzwa zikiwa na alama juu ya 10 ya kuonyesha zinatengenezeka kirahisi kiasi gani. Jimbo la Oregon huko Marekani lilipitisha sheria 2024 inayokataza huu ujanja wa kufunga sehemu kwa programu. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha yake mwaka huo huo, nchi wanachama zikapewa hadi Julai 31, 2026 kuanza kuitumia. Na kuna hii inanifurahisha: Amsterdam, mwaka 2009, mwanahabari Martine Postma alianzisha mikutano ambapo watu huleta vitu vilivyoharibika, wanakaa na wanaojua kutengeneza, wanavifungua pamoja. Inaitwa Repair Café, na sasa iko nchi nyingi. Wao wanajifunza upya kitu ambacho mtaa wetu haujawahi kusahau.

Ila tusijisifu sana. Ni wangapi wa rika letu wanaweza kubadilisha hata plagi? Fundi wangu ana zaidi ya miaka 50, na vijana anaowafundisha ni wawili. Social hall iko pale, Jumamosi haina kitu. Siwezi kuona kinachotuzuia kuleta meza tano, mafundi wa mtaa walipwe kitu kidogo, na kila mtu aje na pasi yake.

Maana hizi vitu hazipotei. Mwaka 2022 dunia ilitoa taka za elektroniki tani milioni 62, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa vizuri. Kenya tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na inamtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike ikishakuwa taka. Poa. Lakini huo wajibu unakuja simu ikishakufa. Mtu anayeiongezea miaka mitatu ya maisha, yule wa Luthuli, hauzwi spea halisi, hapewi mchoro wa bodi, hapewi kifaa cha kuidhinisha. Serikali ikitaka kuanza mahali, ianze na hizo tatu.

Mimi sasa nikinunua simu, swali la kwanza si kamera ina megapikseli ngapi. Nampigia fundi: "Hii ukiifungua, itakubali?" Juzi alinikataza mbili kwa siku moja.