Sahani ya Mama Yangu



Wapendwa waamini, nilikuwa nimekusudia kuwaandikia juu ya jambo jingine wiki hii. Lakini Jumatatu, siku ambayo sisi mapadre huitumia kupumzika, nilikwenda kumwona mama yangu mzazi, na niliporudi parokiani nikaona siwezi kuandika lolote kabla ya hili. Ni habari ya chakula na kumbukumbu. Naomba mnivumilie, maana ndani yake mna kosa langu mwenyewe.

Mama yangu ana umri wa miaka 79. Anaishi na mjukuu mmoja anayesoma sekondari, katika nyumba ileile alimotulelea sisi sote, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Tangu siku nilipopewa Daraja Takatifu ya Upadre, hajaniita tena kwa jina langu la ubatizo. Huniita Padre, na akitaka kunibembeleza huniita Baba Padre. Kwa hiyo alipoanza kunisahau, mimi sikujua. Alinipokea kwa heshima zote, akaomba baraka, akasali Rozari nzima pamoja na Litania bila kukosea neno. Mimi nikaondoka nikimshukuru Mungu kwa akili timamu ya mama yangu. Mpaka siku moja mwaka jana, nikiwa nimekwisha kufungua mlango wa gari, aliponiuliza kwa upole kabisa: "Baba Padre, na wewe kwenu ni wapi? Mama yako bado yupo?"

Nilikaa ndani ya gari kwa muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Daktari tuliyempelekea alinifafanulia kwamba sala zilizokaririwa tangu utotoni mara nyingi hubaki muda mrefu, wakati mambo mapya yanapotoweka kwanza. Basi mtu aweza kusali vizuri sana na huku hajui leo ni siku gani. Alimpima mama shinikizo la damu, likawa juu. Alimpima sukari, ambayo tayari tulijua anaumwa. Akachukua damu kuangalia mambo mengine. Kisha akauliza swali nililoliona dogo: "Mama anakula nini?"

Nilijibu mimi, tena kwa majivuno kidogo. Nikasema watoto wake hatujamtupa. Kila mwezi tunapeleka mchele, sukari kilo tano, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, na Krismasi kreti za soda. Daktari akamgeukia yule kijana mjukuu. Naye, akitazama chini, akasema: "Bibi anakunywa chai ya rangi na mkate. Asubuhi na jioni." Na mchana? "Wali kidogo, kama upo." Mayai ya kuku wake aliyauza au aliyaweka kwa ajili ya wageni, na miongoni mwa wageni hao nilikuwamo mimi. Nyama haikutafunika, kwa kuwa meno yamebaki machache. Maziwa alimpa mjukuu, kwa sababu mtoto ndiye anayesoma.

Ndugu zangu, ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili unatumia. Kila kinachoufikia hupita katika mishipa ya damu, mingine myembamba kuliko unywele. Presha isiyotibiwa na kisukari kisichodhibitiwa huiharibu mishipa hiyo polepole, miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau majina. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Likakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa kuugua. Mengi ya hayo si chakula. Yamo usikivu hafifu, upweke na elimu duni. Lakini presha, kisukari, unene uliozidi, lehemu mbaya na pombe vimo, na vyote hivyo vinapita jikoni kwetu au kwenye meza zetu za Jumapili.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba miongoni mwa wazee wenye miaka 70 na kuendelea, wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na dimensia. Hao ni jirani zetu. Wengine wao nadhani tuliwaita wachovu, na wengine, Mungu atusamehe, tuliwaita wachawi.

Vipimo vya mama viliporudi, vilionesha pia kwamba vitamini B12 imepungua sana mwilini. Vitamini hii haipatikani katika mkate, wala katika wali, wala katika mchicha. Imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa, yaani vitu vyote alivyokuwa akiwapa wengine. Tena dawa ya kisukari aliyoitumia kwa miaka mingi, metformini, inaweza kuufanya mwili ushindwe kuifyonza vizuri hata kidogo inayopatikana. Upungufu wake huleta ganzi miguuni, huzuni na kusahau, na ukigunduliwa mapema hutibika. Nilijiuliza, ni wazee wangapi niliowapelekea Komunyo Takatifu Ijumaa za kwanza za mwezi, nikaona kikombe cha chai ya rangi mezani, nikasema tu, "Bibi anaendelea vizuri"?

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, kwa kuwa hili ni la kazi yangu. Kila Kwaresima mama alifunga. Alimeza vidonge vyake vya sukari juu ya chai isiyo na kitu mpaka jioni, na alasiri alitetemeka na kuchanganyikiwa, akadhani ndiyo majaribu. Sheria ya Kanisa, katika Kanuni ya 1252, inawataka kufunga watu wazima mpaka wanapoanza mwaka wa 60 wa umri wao. Mama yangu alikwisha kuvuka umri huo miaka 20 iliyopita! Mimi niliisoma kanuni hiyo seminarini, nikaifanyia mtihani, nikaufaulu. Sikuwahi kumwambia mama. Basi nawaambia ninyi: mzee mwenye kisukari asifunge bila ya kuzungumza na daktari wake, na akija kuniuliza mimi nitamwambia akale. Hata nabii Eliya, alipochoka mpaka kutamani kufa, malaika alianza kwa kumpa chakula.

Muumini mmoja mwenye nia njema aliposikia habari za mama aliniletea karatasi inayoeleza mlo wa kutunza ubongo, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, na kuchapishwa mwaka 2015. Walikuwa wameona kwamba watu waliokula zaidi mboga za majani, maharage, karanga, samaki na nafaka zisizokobolewa walipata ugonjwa huo kwa nadra zaidi. Ni jambo jema. Lakini sipendi kuwadanganya. Mlo huo ulipojaribiwa kwa watu 604 kwa miaka mitatu, matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuonesha tofauti kubwa kati ya walioufuata na wenzao waliopunguza tu kiasi cha chakula. Kwa hiyo anayewauzia unga au majani ya kurudisha kumbukumbu, mwacheni aende zake. Kule Finland, ambako wazee walipewa chakula bora pamoja na mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa presha kwa miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha nafuu. Si kubwa, ila ipo. Chakula ni mmoja wa wafanyakazi shambani, asiyefaa kuachwa peke yake.

Karatasi ile ilitaja pia mafuta ya zeituni na matunda ambayo sijapata kuyaona katika soko letu. Nilimwambia yule ndugu kwamba tuna mnavu na mchicha nyuma ya nyumba, tuna maharage, tuna parachichi zinazooza chini ya miti, na dagaa wanauzwa kwa kopo. Mtori uliopondwa vizuri na nyama yake hauhitaji meno. Kiburu kina maharage ndani yake. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Ni sisi tuliowafundisha kwamba heshima ya mgeni ni soda, na chupa moja ya soda ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba hivi.

Hapa nami niungame. Nina miaka 46. Mwezi uliopita sista wa zahanati yetu alinilazimisha kukaa kitini akanipima presha: 150 kwa 96. Nikitembelea jumuiya tatu kwa siku, ninakula pilau mara tatu, kwa kuwa nikikataa mtasema Padre ana kinyongo na nyumba hii. Nawaombeni, akina mama wa jumuiya, nikija nipeni mboga za majani na maharage, chumvi kidogo, na maji. Sitakuwa na kinyongo. Na kabla ya kunipakulia mimi, mpakulieni bibi aliyekaa pale pembeni na kikombe chake.

Mama sasa anapata sindano za vitamini na dawa za presha, na sukari yake inapimwa. Mayai ya kuku wake anakula mwenyewe, ingawa tulibishana. Kizunguzungu kimekwisha, na ameanza tena kwenda kanisani kwa miguu. Daktari hakutuficha kwamba yaliyokwisha kupotea huenda yasirudi. Siku nyingine ananijua, siku nyingine mimi ni Padre mpole aliyetumwa na Paroko.

Jumatatu hii nilimpikia mwenyewe, ndizi na dagaa. Alikula polepole, sahani yote. Nikamuuliza kama chakula ni kitamu. Akanitazama kwa muda, kisha akasema kwamba sikuwaosha dagaa vizuri, wana mchanga.

Ilikuwa kweli.