Mgeni Aitwaye Mkonge

Ukitaka kwenda Magoma, amka kabla ya muadhini. Saa kumi na moja alfajiri stendi ya Korogwe ingali gizani, ila muuza kahawa ameshapanga vikombe vyake na harufu ya tangawizi imemtangulia. Nilikuwa napuliza kikombe cha pili kondakta aliponishika mkono. "Mgosi, twende, imebaki nafasi moja tu." Nafasi yenyewe ilikuwa juu ya gunia la dagaa, baina ya mama mwenye kuku wawili na kijana aliyekumbatia bati la kuezekea. Huku Tanga mwanaume ni mgosi, awe mwenyeji au mgeni, na ukishaitwa hivyo huna tena ubavu wa kulalamikia kiti.

"Onga mahundo," yule mama akanisalimu. Salamu hii ya asubuhi ya Kisambaa nilikuwa nimefundishwa usiku uliopita na mwenye nyumba ya wageni, nikaiitikia kwa madaha yote niliyonayo. Gari zima likacheka. Neno sikulikosea, nilielezwa, ila nililivuta kama mtu anayesoma kaswida. Tulilirudia njia nzima, na nadhani hata kuku walikuwa wamelijua tulipofika.

Barabara ni ya vumbi, na vumbi lenyewe ni jekundu, laini, lenye kuingia hata kwenye kitabu kilichofungwa. Bonde la Lwengera limelala kati ya Usambara mbili: ya Magharibi mkono wa kushoto, ya Mashariki mkono wa kulia. Jua lilipochomoza nyuma ya Usambara Mashariki liliangaza kwanza vilele vya ng'ambo, likatuacha sisi wa bondeni kivulini, tukitazama asubuhi ya watu wengine huko juu. Ukungu ulikuwa umetandazwa mtoni kama shuka iliyoanikwa. Kisha ukanyanyuka, na mkonge ukaanza. Mistari na mistari, majani yamesimama kama mapanga, na hapa na pale mlingoti mrefu umechipuka katikati ya shina. Mkonge hutoa mlingoti mara moja tu maishani, ukachanua, ukazaa vitoto vyake juu hewani, ukafa.

Nilikwenda Magoma kwa sababu ya Wamaya. Najua inavyosikika. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nasoma habari za wanaakiolojia wa Guatemala na Meksiko: mapiramidi ya Tikal, maandishi ya mawe ambayo Mrusi Yuri Knorozov alifungua njia ya kuyasoma mwaka 1952, na tangazo la mwaka 2018 kwamba miale ya leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege ilionyesha majengo zaidi ya 60,000 yaliyofichwa na msitu wa Petén. Rafiki yangu aliponisikia nikisifia, akaniuliza: na kwenu kuna nini? Nikakumbuka kwamba kwetu kuna mkonge.

Katika rasi ya Yucatán, nchi ya Wamaya, kuna kijibandari kiitwacho Sisal. Nyuzi za jamii ya mkonge zilipakiwa melini hapo, na jina la bandari likaganda kwenye mmea katika lugha za Ulaya. Wamaya walikuwa wakisokota kamba za nyuzi hizo karne nyingi kabla Mhispania hajatia nanga. Katika miaka ya 1830 daktari Mmarekani, Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo huko Campeche, aliipeleka miche Florida. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na ilipofika Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Ingekuwa abiria, ingeenea kwenye basi moja la Dar. Ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana nayo mashamba yakaenea hadi bonde hili, yakifuata reli ambayo ujenzi wake ulianza Tanga mwaka huohuo. Ilipofika 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa kwa mwaka, na hakukuwa na taifa lililotushinda.

Tanga haikuishia kupokea tu. Nyuma ya ule mgongo wa milima ulio mkono wa kulia iko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Kazi iliyoanzia huko na kuendelea Mlingano, kituo cha mkonge kilichofunguliwa 1934, ilizaa chotara namba 11648. Chotara huyo leo analimwa mpaka China. Mjukuu wa Meksiko, mzaliwa wa Tanga.

Gari lilinishusha karibu na kiwanda, na pua ikajua kabla ya macho. Harufu ya korona haifanani na nyingine: chachu, majani mabichi, kitu kama pombe iliyosahaulika jikoni. Korona ni mashine ya kukamulia mkonge, na neno hilo lilikuwa mdomoni mwa watu hawa miongo mingi kabla ya ugonjwa wa 2020. Wakataji huleta majani yaliyofungwa thelathini thelathini, yakapangwa kwa mita, na mita ndiyo hesabu ya ujira. Mashine huyaponda kwa kishindo, maji yakaosha, upande wa pili zikatoka singa nyeupe zenye unyevu kama nywele za jini. Katika kilo 100 za majani, singa ni kilo nne hivi. Zilizobaki ni maji na makapi. Akina mama waliokuwa wakianika singa kwenye nyaya waliniita nishike. Nilishika kwa viganja viwili, nikawasifu. Baada ya dakika kumi viganja vikaanza kuwasha, wakacheka tena. Nilikuwa nimeanza kuzoea kuchekwa Magoma, tena kwa moyo mweupe hivi kwamba unatamani ukosee tena.

Msimamizi mmoja mstaafu, mzee wa kofia ya mkeka, alinichukua kunionyesha kambi za zamani. Babake alitoka Kigoma kama manamba, kwa mkataba wa SILABU, shirika la wenye mashamba lililoanza kukusanya vibarua mwaka 1944 kutoka pembe za nchi. Yucatán nako, enzi ya matajiri wa nyuzi, Wamaya wenyewe walifungwa mashambani kwa madeni yasiyolipika. Nilimsimulia mzee hilo. Alisimama, akaegemea fimbo yake. "Kumbe mkonge ulikuja na tabia zake," akasema. Katika yote niliyosoma juu ya zao hili, sijakuta sentensi inayoishinda hiyo.

Saa saba njaa ikaniongoza hadi kwa mama lishe mmoja gulioni. Banda la makuti, benchi moja, moshi wa kuni unaoliza. Ugali wa mahindi, maharage, kachumbari ya nyanya yenye pilipili kali, na papai la kumalizia, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nilipokuwa namega tonge la pili nikagundua kwamba meza yote ilikuwa ya Wamaya na majirani zao. Mahindi yalikuzwa kutokana na nyasi za mwituni huko Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita. Nyanya, pilipili, papai na maharage haya, vyote asili yake ng'ambo ile. Popol Vuh, kitabu cha kabila la Wak'iche' la Wamaya, kinasimulia kwamba waumbaji walimfinyanga mtu kwa udongo, akalowa akabomoka. Wakajaribu mti, hakuwa na moyo. Mwishowe wakamuumba kwa unga wa mahindi, akasimama. Nilimsimulia mama lishe. "Basi hao ni ndugu," akasema, akaniongeza ugali bila kuombwa. Nikataka kulipia nyongeza. Akakataa. "Hongea," nikasema, neno la shukrani nililoliokota garini. Safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini udongo wa Magoma haukubomoka. Mchana ule wa jua la kuchoma, mzee wa kofia alinipeleka nyumbani kwake, pembeni mwa shamba la muhogo, akanitolea kigae kilichoinuliwa na jembe lake. Kilikuwa kizito, rangi ya moshi, chenye mistari ya mshazari iliyochanjwa chini ya mdomo. "Hiki nacho ni cha Wamaya?" akaniuliza kwa utani.

Hiki ni cha kwetu. Hapa hakuna mapiramidi, na anayeyatafuta atapita juu ya historia bila kuiona. Historia ya bonde hili imeandikwa kwa vigae, shanga na mavi ya chuma. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alitembea Usambara na Upare akakuta vyungu vya jamii ya Kwale, vya wakulima na wafua chuma wa karne za kwanza baada ya Kristo. Miaka ya 1990 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaonyesha kwamba vyungu vilivyofuata pwani, vyenye michoro ya pembetatu, ni kazi ya Waafrika waliokuwa hapa hapa, wala havikuhitaji kubuniwa mgeni wa kuvileta. Kisha Jonathan Walz, katika tasnifu yake ya mwaka 2010, akafuata njia ya mto Pangani kwenda bara badala ya kung'ang'ania ufukweni, na karibu na Mombo akakuta shanga za kioo na simbi za baharini kwenye makazi ya zaidi ya miaka elfu moja. Watu wa huku hawakuwa wakisubiri habari za bahari. Nao walikuwa sokoni.

Jirani wa mzee ni bibi mfinyanzi. Ufinyanzi kwa Wasambaa ni kazi ya wanawake, na bibi huyu hakuacha kazi kwa ajili yangu. Aliendelea kupandisha ukuta wa chungu kwa kamba za udongo, akiulainisha kwa gunzi la mahindi alilolilowesha. Gunzi! Nilikaa chini kabisa. Mmea wa Wamaya mkononi mwa fundi wa Lwengera, ukipitishwa juu ya ufundi uliokuwapo kabla meli yoyote haijavuka Atlantiki. Wanaakiolojia hupenda sana alama za gunzi, kwa sababu kigae chenye alama hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya mahindi kufika Afrika. Nikampa kile kigae cha mzee. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ule mdomo, kwa muda mrefu.

"Mchoro huu mimi siujui," akasema. "Lakini huyu mwenzangu alikuwa na mkono."

Mwenzangu. Alimtaja kama mtu aliyehama wiki iliyopita.

Jioni upepo hushuka kutoka milimani, na joto lote la mchana linasahaulika kama deni la mtu mwingine. Tulikaa nje. Umeme ulikuwa umekatika, jambo lililonifaa, maana bila hilo nisingeziona nyota zile wala wazee wasingehamia kwenye hadithi. Walinisimulia ya Mbegha, yule mwindaji aliyeitwa kigego kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota. Ndugu zake wakamdhulumu urithi, akaondoka Nguu, nchi ambayo leo sehemu yake imo katika wilaya ya Kilindi. Akaingia Usambara na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakiteketeza mashamba, akagawa nyama, na watu wakamtawaza kuwa mfalme huko Vugha. Abdallah bin Hemedi aliiandika kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 katika Habari za Wakilindi. Steven Feierman akaja miaka ya 1960, akakaa na wazee kama tulivyokaa sisi, na mwaka 1974 akatoa historia ya ufalme huo. Baadaye alieleza fikra mbili za Kisambaa zilizopima kila mtawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme alihukumiwa kwa mvua.

Nilipoyatamka maneno hayo, mzee wa kofia alitazama juu, upande wa Usambara Magharibi. Wingu lilikuwa limekaa kileleni tangu jua lizame, halisogei. "Itanyesha," akasema. Nikamuuliza basi nani kaiponya nchi. Akacheka hadi akakohoa.

Ilinyesha kweli usiku ule, na asubuhi vumbi lote lilikuwa tope. Gari la Korogwe lilikwama mara mbili. Tulisukuma, mimi na yule kijana wa bati, ambaye sasa alikuwa anarudi bila bati, na nikafika mjini nimepakwa wekundu hadi magotini.

Kile kigae sikukichukua. Mzee alinipa kama zawadi, nikamwomba akirudishe pale jembe lilipokikuta, kwa sababu kigae kilichong'olewa mahali pake ni kama barua iliyopoteza anwani, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali. Nawe ukienda Magoma, beba viatu vya kufunga, uache haraka nyumbani, na ukiona kigae shambani kitazame, kipige picha, kisha kiache hapohapo. Halafu mwonyeshe mwenye shamba, maana yeye ndiye atakayekuwapo siku watafiti watakapofika.